SOMO LA ROBO HII: KUBADILISHA OILI YA STERINGI KATIKA GARI LA ZAMANI



Katika matoleo yaliyopita tumejifunza utunzaji wa visima, uwekaji wa kumbukumbu za vikundi na uandishi wa taarifa za miradi. Robo hii tunaingia upande ambao wengi wetu huwaachia madereva na mafundi, yaani utunzaji wa gari. Tumechagua jambo moja dogo: kubadilisha oili ya steringi, kazi ambayo mtu makini anaweza kuifanya uani kwake akiwa na msaidizi mmoja na vifaa vichache. Tunalifundisha kwa sababu lilitugharimu, na hatupendi jimbo, mtaa au kituo kingine kilipe karo ya somo hilo hilo.

Yaliyotupata

Idara yetu ina Toyota Hilux ya dizeli ya miaka ya tisini, ile yenye injini ya 3L. Tuliipokea ikiwa imekwisha kutumika, na imetubebea mabomba ya maji, mbegu, wageni, na mara moja kila mwezi wauguzi wanaokwenda kwenye kliniki ya mkoba katika vijiji vya mlimani. Miaka michache iliyopita, asubuhi ya siku ya kliniki, dereva alipokata kona ya kutoka getini pampu ya steringi ililia kwa sauti kubwa, kisha usukani ukawa mzito kama wa trekta bovu. Pampu ilikuwa imekufa. Safari ikaahirishwa. Akina mama waliokuwa wametembea na watoto wao mgongoni kuja kupima uzito na kupata chanjo walirudi nyumbani bila huduma.

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu. Gharama ya pampu nyingine haikuwamo katika bajeti, na mjumbe mmoja alipendekeza dereva akatwe mshahara kidogo kidogo kwa kosa la uzembe. Wengi tuliokuwapo tuliona ni sawa. Dereva, ambaye ni mzee wa maneno machache, aliomba kitabu cha safari kiletwe. Kikaletwa, kikafunguliwa. Katika sehemu ya "matatizo ya gari" alikuwa ameandika mara tatu, katika muda wa miezi minne: "Steringi inalia asubuhi. Oili imekuwa nyeusi. Naomba ikaguliwe." Chini ya kila maneno hayo ilikuwapo sahihi ya ofisi. Sisi tulisaini bila kusoma.

Hatukuwa na la kusema. Tulimwomba mzee radhi mbele ya kikao kile kile, na pendekezo la kumkata mshahara likafutwa. Baadaye fundi alipofungua pampu ya zamani alituonyesha ndani yake tope jeusi, na vibati vyake vimelika. Alituambia kwamba kwa gari la umri ule oili hiyo inawezekana haikuwahi kumwagwa hata mara moja, ilikuwa ikiongezwa tu juu ya ile ya zamani. Tangu siku hiyo tuliamua mambo mawili: kitabu cha safari kisomwe kabla ya kusainiwa, na sisi wenyewe tujifunze kazi hii.

Steringi hii inafanyaje kazi?

Gari lenye steringi ya pampu, ambayo mafundi wetu huiita pawa steringi, lina sehemu nne kuu. Ya kwanza ni tangi dogo la oili. Ya pili ni pampu, ambayo katika magari mengi huzungushwa na injini kwa mkanda. Ya tatu ni boksi ya steringi, inayopokea nguvu ya oili na kusaidia mikono ya dereva kugeuza magurudumu. Ya nne ni mipira na mabomba yanayounganisha sehemu hizo. Oili hutoka tangini, huingia kwenye pampu, husukumwa hadi kwenye boksi, kisha hurudi tangini kwa mpira wa kurudishia. Mzunguko huo haukomi wakati wote injini inapowaka.

Nguvu inayotumika si ndogo. Tairi la gari kama letu hujazwa upepo wa PSI 35 hivi. Pampu ya steringi, dereva anapogeuza usukani hadi mwisho, husukuma oili kwa PSI 1,000 na zaidi, yaani karibu mara thelathini ya tairi. Kwa presha hiyo oili hupata joto kali.

Kumbuka pia kwamba oili hii ina kazi mbili. Inabeba nguvu, na papo hapo inalainisha vyuma vya pampu. Ndani ya pampu za aina hii mna vibati vyembamba vinavyoteleza huku vikikwaruza ukuta wa chumba chake. Oili ikichoka, ikaungua au ikajaa unga wa chuma na mabaki ya mipira, basi kile kilichopaswa kulainisha kinageuka kuwa msasa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Dalili za oili iliyochoka

1. Rangi. Oili mpya ya aina ya ATF ni nyekundu na unaona ndani yake. Ikizeeka huwa ya kahawia, kisha nyeusi. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Ukiona doa jeusi lenye chembechembe, muda umepita.

2. Harufu. Ikinuka kama kitu kilichoungua, imepata joto kupita kiasi.

3. Sauti. Pampu inalia au kunguruma unapokata kona, hasa asubuhi za baridi. Sisi tulio nyanda za juu twazijua asubuhi za Juni na Julai.

4. Povu. Oili yenye mapovu au iliyopauka kama maziwa imeingiliwa na hewa au maji.

5. Uzito. Usukani unakuwa mzito au unashtuka-shtuka wakati wa kuegesha gari.

Lakini tusidanganyane. Dalili hizi zinaweza pia kuletwa na mkanda uliolegea, mpira unaovuja, pampu iliyolika au oili iliyopungua tu. Anza kwa kuangalia mkanda na kiasi cha oili. Kama oili inapungua kila wiki, kuna mahali inapotokea. Kubadilisha oili hakuzibi tundu. Tafuta uvujaji kwanza, utengenezwe, ndipo uje kwenye somo hili.

Oili ipi?

Soma maandishi kwenye mfuniko wa tangi na katika kitabu cha gari. Hilux za miaka ile, kama magari mengi ya Toyota ya wakati huo, hutumia ATF ya aina ya Dexron II au III. Kampuni ya General Motors, iliyoanzisha jina hilo, iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006. Kwa hiyo chupa za leo hueleza tu kwamba oili iliyomo inafaa mahali palipohitaji Dexron III. Nunua kwa muuzaji unayemwamini, na hakikisha kizibo hakijafunguliwa.

Si magari yote yanatumia ATF. Honda wanataka oili yao wenyewe ya steringi, na magari kadhaa ya Ulaya hutumia oili maalumu ya rangi ya kijani. Aidha, magari mengi ya siku hizi yana steringi ya umeme isiyo na oili kabisa. Ukikosa tangi, usilitafute kwa nguvu.

Jambo la kukumbuka kuliko yote: usitie kamwe oili ya breki kwenye steringi. Oili ya breki huvimbisha na kuharibu sili za mfumo huu, na baada ya hapo kila kiungo huanza kuvuja. Oili ya injini nayo si mahali pake. Tumeshuhudia barabarani mtu akitia chochote kilichopo ili afike. Akifika, analipa mara mbili.

Vifaa

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza:

- Oili mpya lita 3. Mfumo wenyewe hubeba takriban lita 1. Nyingine ni ya kusukuma ile chafu.
- Bomba la sindano kubwa la mililita 60, pamoja na kipande cha mpira mwembamba cha kufikia chini ya tangi.
- Plaizi, bisibisi na klipu mpya moja.
- Mpira safi wa urefu wa mita moja na nusu, wa kuunganisha hadi kwenye chombo.
- Kizibo cha mpira cha kuziba nipeli ya tangi.
- Chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, cha lita 3 au 5, chenye mfuniko.
- Faneli safi na vitambaa visivyotoa nyuzi.
- Jeki, stendi mbili za chuma na kabari mbili za magurudumu.

Tahadhari kuhusu sindano: wenzetu wa zahanati wakikupatia moja, iandike kwa wino usiofutika "OILI YA GARI" na isirudi tena zahanati kwa sababu yoyote.

Njia ya kwanza: kubadilisha kidogo kidogo

Hii ndiyo njia tunayomshauri mtu anayeanza, na pia mwenye gari ambalo oili yake haijawahi kubadilishwa kwa miaka mingi. Haihitaji jeki wala kufungua mpira wowote.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, futa vumbi lote kuzunguka mfuniko wa tangi. Usipuuze hatua hii. Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye pampu hufanya kazi ya msasa tuliyoitaja. Fungua mfuniko. Nyonya oili ya zamani kwa sindano mpaka tangi libaki tupu, na uitie kwenye chombo. Jaza oili mpya mpaka alama ya COLD, yaani oili ikiwa baridi. Funga. Washa gari, geuza usukani taratibu kulia na kushoto mara chache, zima, kagua kiasi tena. Kisha tumia gari kama kawaida kwa wiki moja au mbili, urudie.

Je, ni mara ngapi? Tufanye hesabu. Tuseme tangi hubeba theluthi moja ya oili yote. Ukibadilisha mara ya kwanza, oili ya zamani inabaki karibu asilimia 67. Mara ya pili inabaki 44. Mara ya tatu, 30. Mara ya nne, 20. Mara ya sita, chini ya 10. Kwa hiyo mara nne mpaka sita zinatosha kwa kazi ya kawaida, na utatumia oili lita moja na nusu mpaka mbili hivi. Ni njia ya polepole, lakini hata asiye fundi anaiweza, na gari halisimami hata siku moja.

Njia ya pili: kusukuma oili yote nje

Njia hii humaliza kazi kwa siku moja. Inahitaji watu wawili: mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye tangi. Wakubaliane mapema maneno ya kuamrishana, na yawe machache: "geuza", "simama", "washa", "zima".

Hatua ya 1. Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Vuta handibreki, weka gia huru, na utie kabari nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele kwa jeki mpaka magurudumu yote mawili yaache ardhi, kisha ulilaze gari juu ya stendi za chuma. Usitumie matofali wala mawe, kwani hupasuka bila kutoa taarifa. Kazi hii haikulazimu kuingia chini ya gari, usiingie.

Hatua ya 2. Acha injini ipoe. Oili ikimwagika juu ya bomba la moshi lenye moto inaweza kuwaka.

Hatua ya 3. Safisha kuzunguka tangi, kisha nyonya oili yote iliyomo kwa sindano. Baadhi ya matangi yana chujio dogo la wavu chini. Kama lipo na linafikika, futa tope lake.

Hatua ya 4. Tambua mipira. Kwenye tangi kwa kawaida hufika mipira miwili. Ule mnene hupeleka oili kwenye pampu. Ule mwembamba, ulioshikwa kwa klipu ya kawaida, ndio unaorudisha oili kutoka kwenye boksi. Huo ndio tunaoutaka. Upo pia mpira wa presha, unaotoka kwenye pampu ukiwa umebanwa kwa vyuma vya kudumu na nati, huo usiuguse. Kama huna uhakika ni upi, simama hapo na umwite fundi akuonyeshe. Kuuliza si aibu.

Hatua ya 5. Tandaza vitambaa, legeza klipu, chomoa mpira wa kurudishia. Ziba mara moja nipeli ya tangi kwa kizibo cha mpira. Unganisha mpira uliochomoa na ule mrefu, na mwisho wake uutie kwenye chombo. Ufunge usije ukaruka.

Hatua ya 6. Jaza tangi oili mpya. Injini ikiwa bado imezimwa, msaidizi ageuze usukani taratibu kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto, arudie mara kadhaa. (Hakikisha kwanza ufunguo umegeuzwa kiasi cha kuachia kufuli la usukani.) Utaona oili chafu ikitoka kwenye mpira. Kila tangi linapoelekea kupungua, mwambie asimame, ongeza.

Hatua ya 7. Jaza tangi mpaka juu. Sasa mwambie msaidizi awashe injini bila kukanyaga mafuta. Oili ikianza tu kutoka, baada ya sekunde moja au mbili, azime mara moja. Jaza tena. Rudia mara nne au tano, mpaka oili inayotoka iwe nyekundu, safi na isiyo na mapovu. Hapa ndipo penye hatari kubwa ya kazi nzima: injini ikiachwa iwake sekunde chache zaidi, tangi litakauka na pampu itazunguka bila kilainisho. Mnaweza kuiua pampu mliyokuja kuiponya. Macho ya aliye kwenye tangi yasiondoke hapo, na aliye kwenye ufunguo asishike simu.

Hatua ya 8. Ondoa kizibo, rudisha mpira mahali pake, funga kwa klipu mpya. Futa oili yote iliyomwagika, hasa kwenye mkanda na mipira. Jaza mpaka alama ya COLD.

Kutoa hewa

Hewa ikibaki ndani, usukani utalia na kushtuka kana kwamba kazi haikufanyika. Magurudumu yakiwa bado juu na injini imezimwa, geuza usukani taratibu mwisho hadi mwisho mara kumi hivi, ukiongeza oili inapopungua. Kisha teremsha gari chini. Washa injini, iache izunguke polepole, geuza tena kulia na kushoto mara tatu au nne. Ukifika mwisho, usikae hapo zaidi ya sekunde mbili au tatu. Kukaza usukani mwishoni huichemsha oili na kuitesa pampu. Sheria hii si ya siku ya matengenezo tu, ni ya kila siku ya kuendesha.

Zima. Angalia tangi. Kama oili ina povu, acha gari litulie nusu saa, kisha urudie. Ikiwa safi na kiasi chake hakipandi ghafla baada ya kuzima injini, hewa imekwisha. Endesha taratibu karibu na nyumbani, kagua viungo vyote kwa kitambaa cheupe, na ukague tena kesho yake na baada ya kilomita 100.

Maswali tunayoulizwa

"Ni kweli kwamba ukibadilisha oili ya gari la zamani litaanza kuvuja?" Msemo huu una chembe ya ukweli. Tope la miaka mingi wakati mwingine ndilo linaloziba sili iliyokwisha chakaa, na oili safi ikilisogeza, uvujaji uliokuwa umejificha huonekana. Lakini sili ilikuwa imekufa kabla ya oili mpya. Ndiyo maana kwa gari lililosahauliwa sana tunashauri njia ya kwanza, ya kidogo kidogo.

"Pampu ikifa njiani, gari haliendeshwi tena?" Usukani bado umeunganishwa na magurudumu kwa vyuma, hivyo gari hugeuka, ila kwa nguvu nyingi, hasa mwendo ukiwa mdogo. Dereva asipaniki. Apunguze mwendo, ashike usukani kwa mikono miwili, aegeshe pembeni penye usalama. Asiendelee na safari ya mlimani akitegemea misuli yake.

"Tubadilishe kila baada ya muda gani?" Vitabu vingi vya magari haya huhimiza ukaguzi bila kutaja kipindi cha kubadilisha. Sisi tumejiwekea miaka 2 au kilomita 50,000, lolote litakalotangulia, kwa sababu ya vumbi na milima yetu. Ukaguzi wa rangi na kiasi tunaufanya kila mwezi, na huchukua dakika tatu.

"Gharama yake?" Bei hutofautiana mahali na mahali. Kwa hesabu yetu, lita 3 za oili hazikufikia hata sehemu ya kumi ya fedha tuliyotoa kwa pampu na ufundi, achilia mbali safari iliyopotea.

Oili chafu tuipeleke wapi?

Mwisho wa kazi utabaki na chombo cha oili nyeusi. Tumezoea kuipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, au kuimwaga uani kutuliza vumbi. Sisi wenyewe tulikuwa tukifanya hivyo, mpaka mhandisi wetu wa maji alipotuuliza kwa upole kama tungependa oili hiyo iwe karibu na kisima kilichochimbwa na idara hii hii. Oili ikimwagwa ardhini hushuka na mvua, na hufika kwenye maji ya watu na mifugo. Tangu hapo tunaifunga kwenye chombo, tunakiandika, na kikijaa tunakipeleka kwa wakusanyaji wenye kibali katika mji wetu. Chombo hicho kisiwe chupa ya maji wala ya soda isiyoandikwa. Watoto hunywa kile kinachofanana na wanachokijua.

Neno la mwisho kwa viongozi

Tumeandika mengi juu ya mipira na klipu, lakini Hilux yetu haikuharibika kwa kukosa klipu. Iliharibika kwa sababu mtu wa chini aliandika na wa juu hakusoma. Mara nyingi katika taasisi zetu tunazungumza juu ya uwazi na uwajibikaji tunapoandika taarifa kwa wafadhili, na tunasahau kwamba uwajibikaji unaanza kwenye ukurasa wa kitabu cha safari, kwa mwandiko wa dereva.

Kwa hiyo tumeweka utaratibu mfupi. Dereva akiandika tatizo, ofisi inajibu kwa maandishi ndani ya siku tatu: limefanyika, litafanyika lini, au kwa nini haliwezekani. Sahihi tupu haikubaliki. Aidha, fedha ya oili na vipuri vidogo imetengewa fungu lake katika bajeti, isichanganywe na fedha ya mafuta. Hilux ile bado inapanda mlimani kila mwezi. Mzee wetu amekwisha kustaafu, lakini kabla ya kuondoka aliwafundisha madereva vijana wawili kazi yote tuliyoieleza hapa, na siku ya mwisho alimkabidhi mmoja wao ile sindano yenye maandishi.

Maswali ya kujadiliana katika idara au kikundi

1. Kitabu cha safari cha gari lenu kilisomwa lini mara ya mwisho, na nani? Fungueni sasa msome kurasa tatu za mwisho.

2. Nani katika kituo chenu anajua aina ya oili inayotakiwa kwenye steringi ya gari lenu? Imeandikwa mahali ambapo kila dereva anaiona?

3. Chombo kikiharibika kwenu, swali la kwanza ni "nani amekosa?" au "tuliambiwa lini?" Matokeo ya kila swali ni yapi?

4. Oili chafu ya gari, pikipiki na jenereta zenu huishia wapi?

Tunawatakia utumishi mwema na safari salama.

Idara ya Miradi na Maendeleo